Muuaji Hajulikani Hadi Ijumaa

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Siku tano zimebaki. Muuaji bado simjui.

Niandike ukweli hapa, maana hakuna pengine pa kuuandika. Riwaya yangu mpya ya upelelezi, Maiti Hapokei Simu, ina sura kumi na saba safi kabisa. Zimebaki tatu. Tajiri wa mbao kaanguka ofisini kwake saa tatu kamili asubuhi, kikombe cha chai kimemwagika, simu inaita. Washukiwa sita. Inspekta Kofia, mpelelezi wangu wa miaka kumi na vitabu kumi na kimoja, amewahoji wote. Na mimi, kwa ufundi wangu, nimempa kila mmoja ushahidi kwamba saa tatu alikuwa kwingine. Mke alikuwa saluni, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele. Mashahidi saba. Mhasibu alikuwa kwa fundi viatu, miguu mitupu. Mdogo wa marehemu alikuwa anafunga ndoa mbele ya watu mia mbili! Dereva yuko polisi anaripoti kuibiwa gari. Katibu kakwama kwenye lifti na mafundi wawili. Mshindani wa biashara yuko redioni, moja kwa moja hewani. Nilipokuwa naandika nilijiona bingwa. Sasa hakuna aliyebaki wa kuua.

Mhariri amepiga simu asubuhi. Mama huyu hapandishi sauti, na hilo ndilo linalotisha. Muswada uwe mezani kwake Ijumaa saa nane mchana. Nimeshamwangusha mara mbili. Nikimwangusha mara ya tatu, nafasi yangu ya kuchapwa mwezi huu inakwenda kwa jirani yangu, na Inspekta Kofia anastaafishwa. Anastaafishwa! Mtu hajafika hata miaka hamsini. Akaongeza kwamba jalada limeshachorwa na lina mbwa. Nikamwambia kitabu changu hakina mbwa. Akasema basi nimtafutie mbwa kazi, mchoraji wao ni hodari sana kwa mbwa.

Jirani mwenyewe ni Bwana Mizani. Miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani za madukani, kastaafu, kaanza kuandika riwaya za mapenzi. Kwa taipureta. Ukuta wetu ni mmoja. Ta-ta-ta-ting! Kuanzia saa mbili asubuhi kama mvua juu ya bati.

Na ndani ya nyumba nina mlinzi. Mke wangu ni nesi, anaondoka saa moja. Mama yake amekuja kwa wiki moja kutibiwa macho. Mama mkwe kaweka kiti ukumbini, mkabala na mlango wa chumba changu cha kazi, anafuma sweta. Mtu wa vitabu kumi na kimoja vya upelelezi hawezi kushindwa kutambua aliyewekwa kulinda mlango.

Sasa, mimi siwezi kuandika bila utafiti, na utafiti wangu ni filamu. Ninazo tisa, zote za mauaji. Mke wangu hauiti utafiti. Anao msamiati wake.

Mpango! Nimerekodi kwa simu sauti ya vidole vyangu kwenye kibodi, dakika ishirini. (Niliandika jina langu mara mia nne. Jina zuri.) Nimeiweka ijirudie. Simu mezani ikawa inaandika, mimi kwenye kochi, vipokea sauti masikioni, bakuli la karanga kifuani. Filamu ya kwanza: sonara kauawa ndani ya duka la saa, saa zote zimesimama. Nilipovua vipokea sauti nilimsikia mama mkwe anamwambia mke wangu kwenye simu kwamba mumeo leo ana moto.

Filamu: mbili. Maneno: sifuri. Siku njema.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Aibu. Aibu ya mchana kweupe.

Wakati wa kurekodi nilipiga chafya moja. Nilisahau. Kumbe kila dakika ishirini simu inapiga chafya, na mama mkwe, mtu wa heshima zake, anaitikia "Afya!" kutoka ukumbini. Mimi na vipokea sauti vyangu sisikii kitu. Chafya ya tano ikamtia huruma. Akaingia na kikombe cha maji moto ya tangawizi na kichupa cha mafuta ya kujipaka kifuani.

Akanikuta nimelala chali, karanga mdomoni. Mezani kazi inaendelea kwa kasi.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "nani anaandika?"

Nilimjibu kwamba kompyuta za siku hizi ukizianzishia sentensi zinamalizia zenyewe.

Akaitazama kompyuta, imezimwa. Akaitazama simu. Simu ikapiga chafya.

"Na imeshikwa mafua," akasema. Akaweka kikombe, akatoka.

Nikakimbia nyumba. Si kwa woga. Nilikuwa na safari ya kikazi: kwa muuza vitabu chakavu, nyuma ya posta. Mpango wangu wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza. Nitafute riwaya ya zamani ambayo kila mtu ameisahau, niazime mwisho wake. Kuazima si kuiba. Mwisho wa kitabu kilichosahauliwa ni kama mwavuli ulioachwa kwenye basi. Nani ataulilia?

Nikachagua vitatu, nikavilipia. Ah, vitabu vile! Vidogo vya mfukoni, karatasi za kahawia, harufu ya vumbi na ya mfuko wa suruali ya mtu mwingine. Bastola ukurasa wa tatu, busu ukurasa wa saba, maiti wa pili kabla hujakaa vizuri. Nikasoma kwenye benchi lake tangu saa tano mpaka saa kumi. Nilisahau kula. Nilisahau mbwa. Nilimsahau hata mhariri.

Ukurasa wa mwisho: umechanwa. Cha pili: umechanwa. Cha tatu, pamoja na jalada la nyuma!

Muuza vitabu hakushangaa. Akasema kurasa za mwisho ndizo za kwanza kuondoka, kwa kuwa watu huzisoma kwanza, hivyo huchoka mapema. Lakini yeye amevisoma vyote, anaweza kunisimulia. Cha kwanza, muuaji ni shemeji. Cha pili, shemeji. Cha tatu alifikiri kidogo, akakuna kidevu, akasema shemeji. Nikamwuliza ana mashemeji wangapi. Akasema mmoja tu, na anatosha.

Kitabu changu hakina shemeji. Nilifikiria kumwingiza sura ya kumi na nane. Halafu nikakumbuka kwamba mashemeji zangu wote wananisoma.

Jioni mezani nilingoja kuumbuliwa. Mke wangu akauliza kazi inakwendaje. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akasema, "Mwanangu, mumeo anafanya kazi kwa njia za kisasa mno." Akachukua chumvi. Basi. Kwa nini hakusema? Mtu anayejua siri yako na anakula kimya ni hatari kuliko polisi.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimeamka na busara. Kama siwezi kupanda, basi Bwana Mizani ashuke.

Huyu anadaiwa sura mbili tu za riwaya yake, Machozi ya Mwanamke wa Dirishani. Akipoteza siku moja, atachelewa. Akichelewa, mhariri hatakuwa na wa kumpa nafasi yangu. Nikamgongea mlango kwa uso wa upendo, nikamwalika kuangalia filamu. Alisitasita. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nikamwambia nahitaji jicho la mwandishi mwenzangu. Akaja, amevaa tai.

Mama mkwe naye akasogeza kiti chake na sweta lake. Singeweza kumkatalia. Ana siri yangu.

Filamu ya kwanza, dakika ya kumi, mama mkwe akanyoosha sindano ya kufumia kuelekea kwenye skrini. Akasema muuaji ni huyo mwenye koti la kijivu. Nikatabasamu kwa huruma. Saa moja na nusu baadaye akawa ni mwenye koti la kijivu.

Filamu ya pili akamnyooshea mpishi.

"Mama, lakini hajauawa mtu bado," nikasema.

"Atauawa," akasema, akaendelea kuhesabu vishono vyake.

Akauawa. Mpishi akakamatwa. Bwana Mizani akampigia makofi mama mkwe. Nikamwuliza amejuaje, akasema ni rahisi, yule mpishi hakuonja chakula chake.

Filamu ya tatu, ya mke wangu, niliiweka kwa makosa. Mapenzi matupu: watu wawili wanaagana kituo cha treni, mmoja kashika sanduku, mwingine kashika ufunguo wa sanduku. Bwana Mizani akalia. Alilia kwa mpangilio, kwanza jicho la kulia. Halafu akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema kwa wiki tatu alikuwa amekwama, hajui wapenzi wake waagane vipi, akawa anapiga taipureta tu ili mimi nisijue. Leo nimemfungua. Hataisahau hisani hii.

Akaenda kwake. Dakika tano hazikupita. Ta-ta-ta-ting!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ndoo.

Mhariri alipiga saa kumi kuuliza mbwa anaendeleaje. Nikasema anakua.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nitaandika kwa kifupi. Vidole vinauma. Vinauma kweli!

Asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta. Mimi mwenyewe, si simu. Nikatazama washukiwa wangu sita, nao wakanitazama. Saa nne nikatoka kwenda kunywa maji. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Juu ya meza, pembeni yake, muswada wangu! Ile nakala niliyoichapa kwa ajili ya masahihisho. Na juu ya muswada, kioo cha kukuzia maandishi alichopewa na daktari wa macho.

Akasema nimsamehe. Juzi nilipokuwa kwa muuza vitabu aliingia kuchukua kikombe chake, akaona karatasi, akasoma mstari mmoja. Mpaka jioni alikuwa amemaliza sura kumi na saba. Akasema jicho lake la kushoto limelalamika sana lakini hakuweza kuacha.

Nilisahau kukasirika. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia jicho lake limelalamika kwa ajili yangu.

"Kizuri sana, mkwe wangu," akasema. "Hasa pale ulipomficha daktari."

Nikauliza daktari gani.

Akaacha kuchambua. Akaniangalia kama mwalimu anayemwangalia mwanafunzi anayejifanya hajui. "Si huyu wa sura ya pili. Tajiri kaanguka saa tatu, watu wakaitana, wakamwita daktari wake wa presha, akafika saa nne. Umeandika mwenyewe: daktari akawatoa wote nje, akafunga mlango, akatoka baada ya dakika tano akitikisa kichwa. Sasa nani alisema tajiri alikufa saa tatu?"

Nikavuta muswada. Nikaufunua sura ya pili.

"Daktari," nikasema.

"Ehe. Saa tatu alizimia tu. Vidonge vya presha alipewa na nani? Daktari. Wale sita wote wana ushahidi wa saa tatu. Na Inspekta wako kutwa anawauliza walikuwa wapi saa tatu. Mtu aliuawa saa nne, baba, na chumbani walikuwa wawili."

Nikashika meza. Daktari! Nilimweka sura ya pili kwa sababu maiti anahitaji mtu wa kusema ni maiti. Nilimpa mistari minne na mkoba mweusi. Nikamwuliza mama mkwe, kwa sauti ya mtu anayemjaribu mwenzake, sababu ya daktari kuua ni nini.

Akapuliza makapi. "Hiyo utaitafuta wewe. Wewe ndiye mwandishi."

Nilimwambia kwa heshima zote kwamba nitalifikiria wazo lake, ingawa kitaalamu lina matatizo. Nikatembea hadi chumbani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Nikafunga mlango. Nikaruka juu mara tatu.

Kisha nikaandika. Ee, nikaandika! Sura ya kumi na nane ilikwisha kabla ya saa saba. Inspekta Kofia alivua kofia yake, jambo ambalo hajalifanya tangu kitabu cha nne, akauliza: nani aliyekuwa wa kwanza kumwona tajiri akiwa maiti? Nilikuwa nasoma huku naandika, nikiwa na hamu ya kujua mbele kuna nini. Sababu ikaja yenyewe saa tisa: daktari si daktari! Ni seremala wa zamani wa tajiri, alifukuzwa kazi kwa kupima mbao vibaya, akapotea miaka kumi, akarudi na mkoba mweusi. Tajiri alimtambua kwa kidole gumba kilichopondwa na nyundo. Nilijipigia makofi peke yangu.

Chakula cha mchana kililetwa mlangoni, kikaachwa kimyakimya. Upande wa pili wa ukuta Bwana Mizani naye alikuwa anapiga. Ting! yake, tap yangu. Kwa mara ya kwanza sikumchukia. Tulikuwa kama mafundi wawili wanaojenga pande mbili za nyumba moja.

Mke wangu aliporudi jioni alisimama mlangoni, akasikiliza. Sikugeuka. Akauliza kama niko sawa. Mama mkwe akamjibu kutoka ukumbini kwamba niko sawa, leo hakuna mafua.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Imekwisha saa sita na robo!

Mbwa nusura anitie matatani. Sura ya mwisho daktari anakimbia kwa dirishani, Inspekta anamfuata, na hakuna hata paka. Dakika ishirini nzima nilitembea chumbani nikitafuta mbwa. Mwishowe nikamweka uani kwa jirani wa tajiri, analala. Daktari anamkanyaga mkia. Mengine mtu anaweza kukisia. Mkoba mweusi unafunguka, na ndani hakuna dawa, kuna randa na misumari. Namshukuru mchoraji.

Nikafika kwa mhariri saa nane kasoro dakika nne, shati limelowa, kurasa zimekumbatiwa kifuani. Bwana Mizani alikuwa amekaa mapokezi, tai shingoni, muswada wake magotini. Nikajua: amekuja kuchukua nafasi yangu. Akasimama, akaomba kuushika muswada wangu. Akaupima mkononi, macho kafumba.

"Gramu mia tisa na kitu," akasema. "Umekamilika." Akanipisha nitangulie.

Mhariri akafungua mwisho moja kwa moja, kama wale wateja wa muuza vitabu. Nikasimama. Alisoma kurasa thelathini mbele yangu bila kunikaribisha kiti. Nilisikia feni. Nilisikia mtu anaburuta viti ghorofa ya juu. Alipofika kwa daktari akarudi nyuma haraka, akafunua sura ya pili, akasoma ile mistari minne. Akaweka kalamu chini.

"Alikuwa hapa muda wote," akasema.

Nikasema ndiyo, nilimpanda mapema. Ni mbinu yangu.

Akacheka! Sijawahi kumwona akicheka, ana pengo. Akasema Inspekta Kofia haendi popote. Bwana Mizani ametengewa mwezi ujao. Nilipotoka nilimwambia habari hiyo, tukaondoka pamoja kwa miguu hadi nyumbani, yeye akinisimulia jinsi wapenzi wake wanavyoagana. Karibu nilie barabarani. Vumbi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kifungua kinywa cha raha. Mke wangu hana zamu. Akauliza wazo la daktari nililipata wapi. Nikamwambia mawazo kama hayo humjia mtu bafuni, baada ya miaka mingi ya kazi. Mama mkwe alikuwa anapaka siagi kwenye mkate wake. Hakuinua macho.

Simu ikaita. Mhariri! Mikono yangu ina jamu, nikabonyeza kipaza sauti ili mke wangu naye asikie mumewe anavyosifiwa. Mhariri akasema amekisoma chote tena tangu mwanzo. Akasema yule daktari ni kazi ya akili kubwa sana. Akasema aliyemfikiria anastahili pongezi.

"Ahsante, mwanangu," akasema mama mkwe.

Mke wangu akaweka kikombe chini. Mhariri akauliza huyo ni nani. Nikasema ni msaidizi wangu wa utafiti. Mhariri akasema nimtunze.

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea friji. Kisha mama yake akamsimulia yote. Simu, chafya, tangawizi, mafua ya kompyuta, yote. Nilingoja hukumu yangu. Lakini mke wangu akaja kunifuta jamu kwenye kidole, akasema tangu tuoane ni juzi Alhamisi tu aliponisikia nikicheka peke yangu kazini, na alisimama mlangoni muda mrefu kuliko nilivyojua. Nilikula mkate mwingine.

Mchana tulimsindikiza mama mkwe kituo cha basi. Macho yake yamepata nafuu. Nilimpa vile vitabu vitatu vya kahawia avisome njiani. Nikamwonya kwamba kurasa za mwisho hazipo. Akasema hazihitaji. Nikamwomba msamaha, kwa maneno machache, kwa jambo la bafuni. Akanishika bega.

"Mkwe wangu, uongo wako ni mtamu ukiwa kwenye karatasi," akasema. "Uache hukohuko."

Basi lilipoondoka niliona ameshafungua kitabu cha kwanza na kutoa kioo chake. Nikajisikia ukiwa. Maneno yale yamenigusa sana. Nitayatii maisha yangu yote.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Siku tukufu! Mkutubi wa maktaba ya mtaa amepiga simu. Klabu yao ya waandishi chipukizi inataka mzungumzaji Jumatano, na mhariri amewapa jina langu. Mada: Nidhamu ya Kazi kwa Mwandishi. Aliniuliza kwa adabu kama ninaamka saa ngapi kuandika. Nikamwambia saa kumi alfajiri, tangu ujana, na kwamba sijawahi kuchelewesha muswada hata kwa siku moja. Akasema wataandika hivyo kwenye tangazo. Nikamwomba waandike kwa herufi kubwa.

Mke wangu kauliza hotuba nitaiandika lini. Nimemweleza kwamba siku tatu ni nyingi mno, na kwamba hotuba si maneno tu. Ni kusimama, ni mkono, ni kunyamaza mahali panapostahili. Hayo hayaandikwi, yanatazamwa. Bwana Mizani ana filamu nne za mawakili mahakamani. Anakuja nazo saa tisa, na mimi nimeshakaanga karanga.